Kompyuta Inavuma, Inakwaruza au Haisikiki Vizuri: Je, Dawa Yake Ni Kadi ya Sauti?

Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea kompyuta mpakato yake pamoja na mfuko mdogo wa nailoni, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na kadi tatu za sauti za USB alizozinunua moja baada ya nyingine katika muda wa miezi minne. "Fundi," alisema, "zote zinavuma vilevile." Nilimwomba achomeke chaja, aunganishe spika zake zenye amplifaya, apige wimbo wowote kisha ausimamishe. Mvumo mzito ukabaki chumbani kama wa jokofu kuukuu. Nikachomoa chaja ukutani, na chumba kikanyamaza kabisa. Hapakuwa na kadi mbovu hata moja kati ya zile tatu, kwa sababu mvumo haukutokea mahali ambapo kadi ya sauti hufanya kazi.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote: mtu husikia sauti mbaya, hudhani kwamba sauti iliyojengewa ndani ya kompyuta ni duni, kisha huenda dukani. Wakati mwingine dhana hiyo ni sahihi, nami nitaeleza ni wakati gani. Lakini kadi ya sauti hutibu sehemu moja tu ya safari ndefu, na ni lazima kwanza ujue kama ugonjwa uko katika sehemu hiyo.

Kadi ya sauti inabadilisha nini hasa

Wimbo uliomo kwenye faili ni tarakimu tupu. Programu ya kuchezea muziki huzisoma na kuzikabidhi kwa mfumo wa uendeshaji (kama Windows), ambao huzichanganya na sauti nyingine zote zinazotoka wakati huo, kisha draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, huzipeleka kwenye chipu ndogo iliyo juu ya mazabodi, inayoitwa kodeki. Hapo ndipo tarakimu hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka, umeme huo ukakuzwa kidogo, ukatoka kwenye tundu, ukapita katika waya na kufika kwenye spika au hedifoni. Ukinunua kadi ya sauti unabadilisha kodeki, kikuzaji kidogo kinachoifuata, na tundu. Faili ni lile lile, mfumo wa uendeshaji ni ule ule, umeme wa nyumbani ni ule ule, na spika ni zile zile.

Ushauri wa "tia kadi" una historia yake. Kompyuta nyingi za ofisini katika miaka ya 1980 zilikuwa na kispika kimoja cha kutoa mlio tu, kwa hiyo kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster ya kwanza mwaka 1989, mnunuzi alikuwa anapata kitu ambacho mashine yake haikuwa nacho kabisa. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni za AC'97 zilizorahisisha kujengea sauti kwenye mazabodi kwa gharama ndogo, lakini sauti nyingi za namna hiyo zilikuwa na kelele za ndani zilizosikika waziwazi, na wakati ule aliyekushauri ununue kadi alikushauri vyema. Mwaka 2004 kanuni hizo zilirithiwa na High Definition Audio, ambayo inaruhusu hadi kilohezi 192 (vipimo 192,000 vya sauti kwa sekunde) na biti 32. Kisha Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, iliondoa njia ambayo michezo ilikuwa ikiitumia kuikabidhi kadi kazi ya kutengeneza mwangwi na sauti za pande zote. Anayekuambia leo kwamba kadi itaipunguzia prosesa mzigo wa michezo anarudia jambo lililokuwa kweli zamani.

Ili kupata kipimo cha mahali tulipofika, fikiria kwamba sidii ya muziki, yenye biti 16, ina nafasi ya desibeli zipatazo 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa. Chipu nzuri za mazabodi za siku hizi, kwa mfano Realtek ALC1220, hutangazwa na mtengenezaji kuwa na nafasi ya desibeli 120 katika kupiga sauti. Tarakimu ya tangazo hupungua chipu ikishawekwa katikati ya mazabodi yenye kelele zake za umeme, lakini hata ikipungua sana, chipu yenyewe si mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa wa kwanza ni kile kinachoizunguka.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni kuchukua hedifoni au spika hizo hizo na kuzichomeka kwenye simu au redio. Kasoro ikizifuata, kompyuta haina hatia. La pili ni kuiwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, kisha kupiga wimbo ule ule. Kasoro ikitoweka, kodeki ni nzima na tatizo liko kwenye Windows au draiva zake, jambo ambalo kadi mpya ingelificha tu, pengine kwa siku chache. Jaribio hili la pili huchukua kama nusu saa, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine yote, maana linatenganisha programu na chuma kwa mara moja.

Dalili: mvumo mzito unaoendelea hata wimbo ukisimama

Umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mvumo unaosikika kama noti moja nzito isiyobadilika kwa kawaida ni mzunguko huo au mafungu yake ya 100 na 150, na maana yake ni kwamba umeme wa ukutani umepata njia ya kuingia kwenye waya wa sauti. Njia hizo ni mbili, na tiba zake zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza hutokea pale kompyuta na amplifaya zote zina waya wa ethi, ule unaopeleka umeme unaovuja ardhini, lakini zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Ethi ya huku na ethi ya kule hazilingani kikamilifu, kwa hiyo mkondo mdogo huzunguka kupitia waya wa sauti unaoviunganisha vyombo hivyo viwili, na amplifaya huukuza mkondo huo pamoja na muziki. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu wa kwaya. Kadi za USB hazikumsaidia kwa sababu waya wa USB nao hubeba ethi ya kompyuta hadi kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi hadi kwenye amplifaya, hivyo duara lile halikukatika. Tulichomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua hadi karibu kuisha. Kile kilichobaki tulikimaliza kwa kifaa kidogo chenye transfoma mbili ndani yake, kinachowekwa katikati ya waya wa sauti ili muziki upite lakini umeme wa pande mbili usigusane. Kompyuta yenye tundu la sauti la mwanga ina njia nyingine iliyo safi zaidi, kwa kuwa uzi wa mwanga haubebi umeme hata kidogo.

Njia ya pili ni kinyume cha ya kwanza: ethi haipo kabisa. Chaja nyingi za kompyuta huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kwa namna zilivyoundwa, na kiasi hicho hutarajiwa kwenda ardhini kupitia pini ya juu ya plagi. Ikiwa soketi haikuungwa ethi, au umetumia plagi ya pini mbili kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, umeme huo hubaki kwenye mwili wa kompyuta. Utautambua bila kipimo: pitisha mgongo wa kidole polepole sana juu ya bati la kompyuta huku chaja imechomekwa, na utahisi kama bati linatetemeka au lina vumbi laini la mchanga, chomoa chaja, na bati litarudi kuwa laini. Anayerekodi huwa na ishara nyingine, kwamba mvumo hupungua kila anaposhika sehemu ya chuma ya kompyuta au ya maikrofoni. Tiba hapa ni fundi umeme wa kuunga ethi ya nyumba, na wakati unamsubiri, rekodi kwa betri.

Katika hali zote mbili, usikate pini ya ethi wala usiifunike kwa gundi ili kunyamazisha mvumo. Kweli mvumo hunyamaza, lakini siku amplifaya itakapopata hitilafu ya ndani, umeme wenye volti 240 utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na mtu aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakayekuwa njia hiyo.

Dalili: kilio chembamba kinachobadilika ukisogeza mausi

Hii ni dalili tofauti kabisa na mvumo, ingawa wengi huzichanganya. Weka hedifoni, usipige wimbo wowote, kisha sogeza mausi au pandisha na kushusha ukurasa. Ukisikia kilio chembamba kinachofuata mkono wako, na kinachobadilika tena prosesa inapopata kazi nzito, basi unasikia umeme wa ndani ya kompyuta ukivuja na kuingia kwenye njia ya sauti. Hapa ndipo sauti iliyojengewa ndani ina hatia ya kweli.

Hata hivyo, kwa kompyuta ya mezani kuna hatua moja ya kuchukua kwanza. Tundu la mbele ya kasha huunganishwa na mazabodi kwa waya mrefu mwembamba ambao mara nyingi hupita jirani na kadi ya michoro na feni zake, na waya huo hudaka kelele kama antena. Hamishia hedifoni kwenye tundu la kijani lililo nyuma, ambalo limekaa juu ya mazabodi yenyewe. Kilio kikiisha, umemaliza. Nunua waya wa kurefusha wa hedifoni na uache mambo ya kadi. Zima pia maikrofoni na mlango wa kuingizia sauti katika mipangilio, hasa ile hali ya kujisikia mwenyewe kupitia hedifoni, kwa sababu mlango wa maikrofoni ulio wazi bila kitu hupeleka kelele zake moja kwa moja masikioni.

Kilio kikiendelea hata kwenye tundu la nyuma, au ikiwa ni kompyuta mpakato yenye tundu moja tu, kadi ni tiba halali. Ningechagua ya nje ya USB kuliko ya kuchomeka ndani ya kasha, maana kadi ya ndani inabaki jirani na kadi ya michoro na inakula umeme wa chanzo kile kile. Ya USB nayo hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo huinunua mahali panaponiruhusu kuirudisha, na ninaijaribu kwenye kila tundu la USB kabla ya kuikubali au kuikataa.

Kuna ndugu wa dalili hii, ambaye ni mvuvumo wa "shhh" usiobadilika, unaosikika zaidi kwenye ea foni ndogo za kuingiza ndani ya sikio. Punguza sauti ya kompyuta hadi sufuri. Mvuvumo ukibaki vilevile, unatoka kwenye kikuzaji cha mwisho, na ea foni zenye usikivu mkubwa ndizo zinazoufichua. Ukipungua pamoja na sauti, ulikuwa ndani ya rekodi yenyewe tangu mwanzo, na kadi haiwezi kuufuta.

Dalili: sauti inatatarika au inakatika kwa nukta

Sauti inayotatarika kama mafuta ya kukaangia, hasa unapofungua programu nyingine au unapopakua faili, kwa kawaida si tatizo la ubora wa chipu. Kodeki hulishwa tarakimu kwa mafungu. Fungu la sampuli (vipimo vya sauti) 512 kwa kilohezi 48 linatosha kwa milisekunde zipatazo 10.7 tu, na kabla halijaisha lazima fungu jingine liwe limefika. Draiva fulani ikimshika prosesa kwa muda mrefu kuliko huo, fungu huchelewa, na pengo hilo ndilo linalosikika kama mkwaruzo. Mara nyingi mkosaji ni draiva ya Wi-Fi, ya kadi ya michoro, au ya usimamizi wa umeme. Ukinunua kadi mpya, nayo italishwa kwa kuchelewa vilevile.

Kwa watumiaji wa Windows, programu ya LatencyMon inaonyesha ni draiva ipi inayochelewesha. Jaribio la haraka zaidi ni kuzima Wi-Fi kwa dakika tano huku wimbo unapiga. Mikwaruzo ikikoma, sasisha draiva ya Wi-Fi au rudisha ile ya zamani ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho. Angalia pia kama kompyuta iko katika hali ya kubana umeme, na kama imejaa vumbi kiasi kwamba prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi. Nimewahi kuondoa mikwaruzo kwa bloa na brashi peke yake.

Kishindo kifupi mwanzoni mwa kila wimbo ni jambo jingine. Kodeki hulala ili kuokoa umeme, na inapoamshwa hutoa kishindo au humeza silabi ya kwanza ya mzungumzaji. Kwenye Linux, kigezo cha power_save cha moduli ya snd_hda_intel kikiwekwa sufuri, kodeki hailali tena. Kwenye Windows, tafuta mpangilio kama huo katika draiva ya mtengenezaji wa kompyuta.

Dalili: ala zinasikika lakini mwimbaji ametoweka

Dalili hii huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Unapiga taarabu unayoijua vizuri, fidla na kodiani zinasikika kama ziko mbali ndani ya pipa, lakini sauti ya mwimbaji imetoweka au imekuwa kivuli. Sababu yake ni kwamba waya wa pamoja, ule unaorudisha umeme kutoka masikio yote mawili, haugusi. Ukikosekana huo, masikio yanabaki kupata tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili, tofauti yake ni sufuri na anajifuta.

Kwanza sukuma plagi mpaka mwisho, maana makava ya kompyuta huizuia isiingie yote. Ikishindikana, tazama plagi: ikiwa na pete tatu nyeusi badala ya mbili, ina sehemu ya maikrofoni, na kuna mpangilio wa aina mbili kwa plagi hizo, CTIA na OMTP, ambao hubadilishana nafasi ya maikrofoni na ya waya wa pamoja. Bonyeza na kushikilia kitufe cha maikrofoni kilicho kwenye waya wa ea foni. Mwimbaji akirudi wakati kidole kiko juu ya kitufe na kutoweka ukikiachia, umethibitisha kwamba mpangilio haulingani, na unachohitaji ni kiunganishi kidogo cha kubadilisha nafasi hizo.

Ikiwa sauti huja na kuondoka unapotikisa plagi, na ea foni zote hufanya hivyo hivyo, tundu lenyewe limelegea. Hii ni sababu nzuri kabisa ya kununua kadi ya USB, hata ile ndogo ya bei ya chini, kwa sababu kufungua kompyuta mpakato na kuchomelea tundu jipya huwa na gharama na hatari kuliko kadi hiyo. Sijaona aibu kumshauri mtu hivyo. Sauti ya kadi hizo ndogo inatosha kwa masomo, mikutano na kusikiliza habari.

Dalili: hakuna sauti, au sauti imekuwa kama ya simu

Kompyuta isiyotoa sauti yoyote mara nyingi inaitoa mahali pengine. Ukiunganisha runinga kwa HDMI, Windows huweza kuhamishia sauti huko bila kukuuliza, na sauti hiyo hupita kwenye kadi ya michoro, haigusi kodeki kabisa. Chagua spika upya katika mipangilio. Kwa wenye kasha la mezani, kumbuka kwamba kijani ni cha kutolea sauti, waridi ni cha maikrofoni, na buluu ni cha kuingizia.

Sauti inayoporomoka na kuwa kama ya simu pindi unapojiunga na mkutano huwapata wanaotumia hedifoni za Bluetooth. Maikrofoni ya hedifoni inapowashwa, Bluetooth ya kawaida huhamia kwenye njia ya mazungumzo yenye kilohezi 16 au hata 8 tu. Chagua maikrofoni ya kompyuta badala ya ile ya hedifoni, na muziki utarudi mara moja. Na ikiwa sauti za programu nyingine hushuka ghafla kila simu inapoingia, Windows ina mpangilio wa mawasiliano unaozipunguza kwa asilimia 80; uzime. Kadi ya sauti haihusiki na lolote kati ya haya.

Dalili: sauti ni ndogo mno kwenye hedifoni kubwa

Hapa inafaa kusoma namba iliyoandikwa kwenye hedifoni. Nyingi za kawaida zina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 16 hadi 32, lakini zile za studio huweza kufika 250 au 300. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, huuzwa kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250. Kuisukumia miliwati moja hedifoni ya omu 32 kunahitaji volti 0.18 hivi, ilhali ya omu 250 inahitaji volti 0.5, yaani karibu mara tatu. Kompyuta mpakato yenye kikuzaji dhaifu hufika mwisho wa uwezo wake kabla hedifoni haijaanza kufanya kazi. Ukiipandisha sauti hadi mwisho na bado ni ndogo, au inapasuka kwenye ngoma nzito, kadi ya nje yenye kikuzaji kizuri cha hedifoni itakupa tofauti utakayoisikia bila kujilazimisha.

Wapo pia wanaotamani kadi bila dalili yoyote, kwa kuamini tu kwamba muziki utakuwa bora. Kwao nina jaribio moja. Azima kadi, sawazisha ukubwa wa sauti wa njia zote mbili kadiri inavyowezekana, kwa sababu sikio huipenda ile iliyo kubwa zaidi hata kwa desibeli moja, kisha mwombe mtu mwingine abadilishe mara 10 bila wewe kuona, nawe utaje kila mara ni ipi. Uwezekano wa kupatia mara 9 au zaidi kwa kubahatisha ni karibu 1 katika 100, hivyo ukifika hapo, umesikia tofauti ya kweli. Ukipatia mara tano au sita, tumia fedha hizo kwenye spika. Spika za kompyuta mpakato ndizo dhaifu kuliko kiungo chochote katika mnyororo huu, na jozi ya spika za kawaida za mezani hubadilisha mambo kuliko kodeki yoyote.

Dalili: unachorekodi kina kelele au kiko mbali

Nimeiacha hii mwisho kwa kuwa ndipo mahali ambapo ninashauri kununua bila kusita. Mlango wa kuingizia sauti ndio sehemu dhaifu kabisa ya sauti iliyojengewa ndani. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, ambao lazima ukuzwe mara nyingi, na kikuzaji cha tundu la waridi kwenye mazabodi hukuza pamoja nao kelele zote za jirani. Tena mlango huo hutoa volti chache tu, kwa ajili ya maikrofoni ndogo za hedifoni. Maikrofoni ya kondensa ya studio inahitaji volti 48, na maikrofoni ya jukwaani kama Shure SM58, ukiiunganisha kwa adapta kwenye tundu dogo, itasikika kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili.

Pima kwanza. Fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, weka kiwango cha kurekodi unachokitumia ukizungumza kawaida, kisha rekodi sekunde 10 za ukimya huku feni ya chumbani imezimwa na madirisha yamefungwa. Kipimo kikionyesha kelele iliyo chini ya desibeli −60, mlango wako unafaa kwa mihadhara na vipindi vya mazungumzo. Kikiwa karibu na −40, msikilizaji ataisikia kelele hiyo kila unapovuta pumzi. Fungua pia mchoro wa masafa (Plot Spectrum) wa programu hiyo na utazame ukimya ule: vilele vilivyosimama kwenye 50, 100 na 150 vinakurudisha kwenye habari ya ethi niliyoeleza juu, wakati kelele iliyosambaa sawasawa kama nyasi inakuambia kwamba kikuzaji ndicho dhaifu.

Kwa anayerekodi kaswida, kwaya, mashairi au vipindi, kitu cha kutafuta si kadi ya michezo yenye taa na maneno "7.1" (sauti ya pande zote) kwenye boksi, bali kadi ya nje ya kurekodia, yenye tundu la XLR (lile kubwa la pini tatu la maikrofoni), kitufe cha volti 48 na kifundo cha kupandisha maikrofoni. Kadi ndogo yenye tundu moja la hedifoni iliyoandikwa 7.1 inaigiza tu pande hizo kwa programu. Hakikisha kadi ina njia ya kujisikia moja kwa moja, kwa sababu sauti ikienda kwenye kompyuta na kurudi, mwimbaji hujisikia kwa kuchelewa na hupoteza mapigo. Fungu la sampuli 1,024 kwa kilohezi 48 peke yake ni milisekunde 21 za kuchelewa, kabla hujahesabu safari ya kurudi. Hakikisha pia kwamba inafanya kazi bila draiva ya ziada, ili siku draiva hiyo itakapoachwa na mtengenezaji kadi isigeuke kuwa taka. Na kwa mwenye kompyuta ya mezani anayepewa kadi ya ndani ya mtumba kwa bei nzuri, tazama meno yake kabla ya kulipa: kadi za PCI za zamani haziingii kwenye nafasi za PCIe za kompyuta za siku hizi.

Ukishainunua, ichague katika mipangilio kuwa ya kutolea na ya kuingizia, rekodi tena sekunde 10 za ukimya katika chumba kile kile na kwa kiwango kile kile cha sauti yako, kisha weka faili mbili, la zamani na jipya, moja juu ya jingine kwenye Audacity. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla risiti haijapotea na kabla muda wa kurudisha haujaisha.